Kidude cha Lori Kilichotoka Chooni

KITUO CHA POLISI MPANDA, JIMBO LA MAGHARIBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Tarehe: Ijumaa, 20 Julai 1956, saa nne na nusu asubuhi.
Jina: Kasilda binti Ubaldo.
Umri: Haujui. Anasema alikuwa ameshavunja ungo Wajerumani walipokimbia. Nakadiria miaka hamsini na minane.
Kabila: Mpimbwe. Dini: Mkristo.
Kazi: Mkulima wa mpunga.
Makazi: Usevya. Kwa sasa yuko Mpanda, nyuma ya stesheni ya reli, nyumbani kwa mume wa binti yake.
Hajui kusoma wala kuandika. Amekuja kituoni bila kuitwa.

Mimi Kasilda nasema hivi. Huyo mliyemfungia chumba cha nyuma tangu jana ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Marselina. Ni dereva na fundi wa lori la Mzee Mustapha, mwenye duka la nguo pale sokoni. Koplo Gelasius ameniuliza jina la mkwe wangu aliandike. Nimemwambia jina analo tayari kwenye karatasi zake, alitazame humo. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwe wake, na yeye hatamki langu. Hatuonani uso, hatuli pamoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Akirudi nyumbani anakohoa akiwa bado njiani, nami naingia ndani. Tumeishi hivyo tangu amuoe binti yangu, wala hatujakoseana hata siku moja. Basi Koplo ameandika "mkwe", tukaendelea.

Nilikuja Mpanda mwezi wa Mei kumtunza Marselina uzazini. Amejifungua mtoto wa kiume, anaitwa Gaudensi. Kabla ya huyu tumezika wawili kule Usevya, na wa pili hakufika hata umri wa kukaa. Nalitaja hilo mjue nilikuwa na macho ya namna gani nilipofika hapa.

Nyumba ya mkwe ina chumba kimoja na jiko la nje. Nilipofika, yeye alihamia kwenye lori. Analala kwenye kiti cha mbele na blanketi moja, katika baridi hii, ili mimi nilale ndani na mzazi. Hakuna aliyemwambia ahame. Nikiwa na neno kwake namtuma Marselina. Kama Marselina hayupo, nasimama jikoni nakiambia kinu, yeye akiwa uani anasikia. Yeye naye akitaka kunijibu anakiambia kinu hichohicho. Jirani yetu Rabia anatucheka, anasema katika nyumba ile mwenye siri zote ni kinu.

Sasa nieleze habari ya lori. Lori lile tangu baridi ianze lilikuwa zito kupata moto. Mkwe alikuwa analizungusha hendeli alfajiri, linakohoa, linatoa moshi, kisha anasimama kulingoja. Marselina anasema zamani uji ukichemka na lori nalo limeshaiva. Sasa uji ulikuwa unachemka, unanywewa, chungu kinaoshwa, lori bado linatetemeka. Likiondoka hivyo halina nguvu, linazimika kwenye mlima. Mzee Mustapha alikuja kulalamika kwamba linakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni. Akasema labda lori nalo limejifungua, linataka kulelewa. Tulicheka wote, hata mimi huko jikoni nilicheka.

Mimi sijui lori. Lakini mdomo wangu hauna mlango. Nilikiambia kinu kwamba gari linaloona baridi lipewe maji ya moto, kama mzazi. Asubuhi yake mkwe akamwaga maji ya moto kwenye ile rejeta iliyo mbele. Siku iliyofuata akamwaga tena. Haikusaidia kitu. Baadaye nilijua kwamba alijua tangu mwanzo haitasaidia. Alifanya kwa sababu ni mama mkwe wake aliyesema.

Siku ya Jumatatu, tarehe 16, Mzee Mustapha alikuja tena, nikasikia mkwe anamweleza uani. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu alisema polepole. Alisema, "Ndani ya injini kuna mlango mdogo wa maji. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji yanakaa palepale yanapata moto upesi. Yakishapata moto unafunguka, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Nimeshika huu mpira wa maji wa juu tangu nawasha. Ulitakiwa ubaki baridi, halafu upate moto kwa mara moja. Huu unapata uvuguvugu kidogokidogo tangu mwanzo. Mlango umekwama wazi."

Mimi nilisikia mlango, nikadhani anasema mlango wa lori, ule wa kuingilia. Nikasema moyoni, mwanamume mzima, mlango umekwama wazi na yeye analala humo kwenye baridi, si aufunge tu. Ndivyo nilivyoelewa. Nilicheka peke yangu.

Mzee Mustapha akamjibu kwamba hataki kazi ya kubahatisha. Akasema, "Kama kidude hicho ni kibovu, kitoe nikione kwa macho." Mkwe akasema atakitoa, atakijaribu kwenye maji, atamwonyesha.

Mnamo tarehe 17 Julai, siku ya Jumanne, king'ora cha mgodi kilikuwa kimeshalia na jua lilikuwa halijapanda. Nilibandika chungu cha maji ya kumwogesha mtoto, nikatia majani yake ya dawa. Moto ulikuwa haujashika vizuri, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni kavu. Sikukawia. Niliporudi nilikuta kijiti kimelazwa juu ya chungu. Kwenye kijiti kimefungwa uzi mweusi, ule tunaosukia nywele, na kwenye uzi kinaning'inia kitu ndani ya maji ya mjukuu wangu.

Nilikivuta. Kilikuwa chuma. Kina tumbo la shaba lenye mikunjo kama kiwavi, na juu yake kina kinywa, na kinywa kiko wazi, kama kifaranga kinachongoja kulishwa. Nilitia kiwiko kwenye maji, kwa mazoea tu, kama ninavyofanya kila siku kabla ya kumwogesha. Maji yalikuwa baridi.

Sasa niulizeni ningefikiri nini. Chuma, uzi mweusi, maji ya mtoto mchanga, na makaburi mawili nyuma. Sikupiga kelele. Nilikishika kwa jani, nikaenda nacho chooni, nikakitupa shimoni. Nikarudi nikamwaga maji. Hapo ndipo nikasimama katikati ya uwanja.

Nilisema, "Aliyetia chuma hiki kwenye maji ya mjukuu wangu, mkono wake ukauke. Nimekitupa chooni, akakifuate huko."

Nilisema mara ya pili, kwa sauti, ili na Rabia asikie, na wengine waliokuwa wanapita kwenda stesheni. Watu wakasimama.

Mkwe alikuwa kando ya lori, boneti iko wazi. Kwa hasira sikukumbuka kujificha, nikamwona uso. Mikono yake ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko. Akaitazama mikono yake. Kisha akavuta kofia machoni, akanipa mgongo. Marselina akatoka na mtoto yuko kwenye ziwa, akafungua kinywa aseme. Mkwe akatikisa kichwa. Nilikiona kile kichwa kwa nyuma, nikadhani anamsikitikia mtoto. Nikasema moyoni, mkwe wangu ana huruma.

Koplo ameniuliza ni nani alitia kidude kwenye chungu. Nimejibu ni Marselina, kwa kuombwa na mumewe, kwa sababu jikoni kwangu mkwe hawezi kuingia. Alimwagiza akitie kwenye maji baridi, kisiguse chini ya chungu, aangalie kama kimefunga kinywa, halafu maji yakipata moto aangalie kama kinafungua. Akakining'iniza tu, na mtoto akalia, akakimbilia ndani. Mimi haya yote sikuyajua siku ile. Angekuwa mwanangu wa kumzaa angeniambia, "Mama, acha, hicho ni changu." Lakini mkwe atasemaje na mama mkwe mbele ya umati, tena mama mkwe aliyekwisha kumlaani? Hata kinu hakikuwepo pale.

Mkwe alifunga injini bila kile kidude, akaondoka na lori kwenda Kasansa kuchukua mpunga. Alirudi Jumatano.

Jana Alhamisi, tarehe 19, Mzee Mustapha alileta fundi mwingine dukani kwake, ili huo mlango utolewe wautazame pamoja. Marselina alikuwepo, amempelekea mumewe chai. Wakafungua, pakakutwa patupu. Mzee Mustapha akauliza kidude kiko wapi. Mkwe akasema kimepotea. Akaulizwa kimepotea wapi, akasema nyumbani. Akaulizwa kimepotea mkononi mwa nani. Hapo hakujibu tena. Mzee Mustapha akasema basi kilikuwa kizima, kimeuzwa kwa mwenye lori mwingine, na maneno yale ya mlango kukwama yalikuwa ya kufunikia wizi. Akaja kwenu. Simlaumu sana. Mali ni yake, na mtu aliyenyamaza mbele yake alionekana kama mwizi.

Jioni nilipika, chakula cha mkwe kikapoa. Nikamwambia Marselina mumewe leo amechelewa. Alianza kulia. Nilimbana, na mimi nikibana mtu anasema. Akasema, "Mama, kile ulichokitupa ndicho wanachomdai."

Nilikaa chini. Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu Jumanne, wala huko dukani. Akanieleza kwamba mumewe alimkataza. Alimwambia hivi, na naomba Koplo ayaandike yote: "Tukisema, mama atajua kwamba amenilaani mimi. Ataona aibu, atarudi Usevya, na mtoto bado mchanga. Acha waniite mwizi. Mwizi hutoka."

Nimeishi muda mrefu, Koplo. Nimeshakosewa na watu na mimi nimewakosea. Lakini aibu ya jana sijapata kuiona. Mtu analala kwenye kiti cha lori kwa ajili yangu, anamwaga maji ya moto asiyoyaamini kwa ajili yangu, halafu mimi namkaushia mkono unaonilisha. Na mkono huo ndio umefungwa.

Nilimwuliza Marselina mumewe alitaka kujua nini kwenye yale maji. Akaniambia: kama kwenye maji baridi kinywa kimefunga, kidude ni kizima. Kama kiko wazi kwenye baridi, ni kibovu. Ndipo nilipojua kwamba nilichokiona mimi hakuna mwingine aliyekiona.

Leo kulipokucha nilienda chooni. Shimo letu si refu, kwa sababu chini kuna mwamba. Nilibomoa ua wa nyasi upande mmoja, nikachimba kutoka pembeni kwa jembe. Watu walikuja kutazama. Mmoja akasema bibi wa Usevya amepoteza senti zake, mwingine akasema amepoteza akili. Niliendelea kuchimba. Rabia naye alicheka mwanzo, akaziba pua kwa kanga, akaniuliza, "Shoga, kuna nini humo cha thamani hivyo?" Nikamwambia kuna mkwe wangu humo. Akaacha kucheka. Akaenda kuniletea maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka nilipomaliza.

Jembe halikuweza kufika mwisho. Nilitumia mkono. Sitaeleza zaidi, lakini ni huu wa kulia. Nimekiosha kidude kwa jivu, kwa mchanga, na kwa sabuni ya mtoto. Nimekileta kikiwa kwenye jani la mgomba, na Koplo anacho mezani. Kama bado kinanuka, wa kulaumiwa ni mimi.

Koplo amemwita Mzee Mustapha, amekuja, ameketi pale kwenye benchi. Konstebo ameleta sufuria ya maji baridi. Tumekitia, kinywa kiko wazi. Tumebandika moto mpaka maji yametokota, kinywa kiko vilevile, hakikutikisika. Mzee Mustapha amesema huenda ni choo kilichokiharibu. Ni neno la haki. Mimi nimemjibu kwamba nilikiona kiko wazi Jumanne, kabla hakijaijua harufu ya choo. Koplo ameniuliza kama nina hakika kwamba maji ya chungu yalikuwa baridi. Nimemjibu kwamba nimeogesha watoto wangu saba, na wajukuu siwahesabu. Mwanamke asiyejua maji baridi kwa kiwiko hapewi mtoto kuogesha. Yalikuwa baridi, na kinywa kilikuwa wazi. Mkwe alisema kweli kuhusu ule mlango. Mimi ndiye niliyeelewa mlango mwingine.

Koplo ameniuliza kama nimetumwa na mtu kuja kusema haya. Sikutumwa. Marselina alinishika nguo mlangoni nisije, akasema nitachekwa mji mzima. Nimemwambia nimeshachekwa tangu asubuhi na sijafa.

Kuna neno moja limebaki, na hili ndilo lililonileta kuliko hata kidude. Ile laana nataka kuifuta. Koplo amesema polisi hawaandiki laana. Nimemwambia aliyoyaandika mpaka hapa yote yamezaliwa na laana, basi aandike na mwisho wake. Nilipoilaani ile mikono sikutaja jina. Laana isiyo na jina huenda yenyewe ikamtafute mwenyewe, na hii ilimpata. Kuifuta ni lazima jina, la sivyo haitajua imwache nani. Wazazi wangu wanisamehe huko waliko. Ni heri nivunje mwiko mmoja kwa mdomo huu kuliko kumwacha mtoto wa watu na laana mwilini.

Mkwe wangu anaitwa Thadei. Mkono wa Thadei usikauke. Thadei hakuiba. Andika.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote nikayasikia ni yangu. Koplo alitaka kunishika kidole cha kushoto akitie wino, nimemwambia hapana. Mkono uliotupa na uliochimba ni wa kulia, huo ndio utakaotia sahihi. Akiona kinyaa, nitakibonyeza mwenyewe.

(Alama ya dole gumba la kulia la Kasilda binti Ubaldo)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Gelasius, kwa Kiswahili, jinsi shahidi alivyoyasema. Kidole nilikishika mwenyewe. Kidude cha shaba kimejaribiwa mbele yangu, mbele ya mlalamikaji na mbele ya konstebo wa zamu, kama shahidi alivyoeleza. Mlalamikaji Mustapha alikishika, akakigeuza, akasema mtu wake aachiliwe, akaenda kunawa.

Shahidi ameacha chakula kwenye bakuli lililofunikwa. Ameniagiza niseme kimetoka kwa Marselina. Mtuhumiwa hakukubali kutoka kwa mlango wa mbele shahidi akiwa pale, naye shahidi aligeukia ukutani hata kabla ya kuambiwa. Nimemtoa mtuhumiwa kwa mlango wa jiko.

Kabla ya kumtoa nilimsomea maelezo haya, kwa kuwa yanamhusu. Alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka nilipofika kwenye jina lake. Hapo akaomba nirudie kusoma.

Gelasius, Koplo
Mpanda, 20.7.56